Neno Lililolima Ngolo

Nyasi kavu zikifukiwa kwenye udongo uliolowa hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Ni kama chai iliyosahauliwa kwenye birika, au blanketi la mtoto lililoanikwa likakosa jua. Waliozaliwa milimani Mbuji wanaijua. Juzijuzi nimeisikia tena nikiwa nimemshika mkono mjukuu wangu Prisila, na nusura nikae chini njiani nicheke peke yangu kama mwehu.

Prisila anasoma shule ya Kiingereza kule Mbinga mjini, zile za soksi nyeupe na basi la kuwafuata watoto mlangoni. Ana akili kama moto wa mabua. Hilo nalisema wazi, na asiyependa kusikia bibi akisifia wajukuu wake akatafute cha kusoma kwingine. Asubuhi ya siku hiyo alinikuta barazani nimeshika kopo la dawa ya kahawa, nayasoma maandishi yake kwa kuyakata vipande, huku nagonga goti kwa kiganja. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Bibi, unasoma au unatwanga?"

Mtoto aliyeshiba hujibiwa akiwa na njaa. Lakini ninyi wa rika langu nitawaeleza, maana mtanielewa.

Mnaikumbuka miaka ile sabuni iliporudi madukani? Tulikuwa tumezoea kufulia majivu na majani ya mpapai, mara ghafla duka lina sabuni za rangi zote, lina sukari, lina betri za redio, na gulioni kuna marundo ya mitumba yanayonuka dawa ya mende. Watu wa kununua kahawa wakaanza kuja wenyewe na malori yao mpaka mlangoni, wakati zamani kahawa ilikwenda ushirika tu na mtu alingoja malipo mpaka ndevu zinaota. Wakubwa walipoulizana mambo haya yametoka wapi, wale waliojua redio walijibu kwa neno moja refu la Kiingereza: liberalization. Imeingia Mbinga. Imeleta mitumba. Imeua chama cha ushirika.

Mimi nikajua ni lori.

Msinicheke. Malori ya wakati ule yalikuwa na majina kifuani, na jina refu lilikuwa la lori kubwa. Kitu kinachoingia Mbinga, kinaleta sabuni, kinaleta nguo, kisha kinaua, kingekuwa nini kingine? Nilichojiuliza ni ajali ilitokea kona ipi, na kama chama cha ushirika kilizikwa. Nikipita na ndoo barabarani nilikuwa nachungulia vioo vya malori yote nilione lile lenyewe.

Aliyenitoa huko ni Mwalimu Haule, mtu wa upande wa Songea, mwembamba, mwenye suruali moja ya kaki iliyonyooshwa mpaka unaweza kukatia nyanya. Alilipenda neno lile kama mtu anavyopenda baiskeli mpya. Alitangaza darasani kwamba mgeni rasmi anakuja kutoka mkoani kufungua darasa letu jipya la bati, na kwamba mwanafunzi mmoja atasoma salamu za shule kwa Kiingereza mbele ya wazazi wote. Akaliandika neno ubaoni. Lilianza dirishani likaenda kuishia karibu na mlango.

"Mnaogopa nini?" akatuuliza. "Hakuna neno refu duniani. Kuna vipande vifupi vinavyoogopa kutembea peke yao."

Akavitenga kwa chaki. Li. Be. Ra. Lai. Zei. Sheni. Akatuonyesha jinsi neno lilivyojengwa: mwanzo kuna liberal, huru. Ukiliongezea mkia mmoja, jambo linafanywa kuwa huru, ukiliongezea mwingine inakuwa habari nzima ya kufanya mambo yawe huru. "Mnashangaa? Na ninyi mnasema lima, limisha, limishana, hawatalimishana. Mzungu akiliona hilo anakimbia."

Hapo nilielewa, ila nilielewa kwa namna yangu. Niliona kwamba maneno ya Kiingereza yana koo kama sisi. Kuna ukoo wa Sheni: kina nation, station, education. Kuna wakwe wakorofi, Dis na Un, ambao wakitangulia tu mlangoni nyumba yote inageuka. Mtu alikuwa anakubali, Dis akaingia, sasa anakataa. Nikampa msichana mmoja wa darasa letu jina la Dis kimoyomoyo. Aliitwa Devota, binti wa mwenye duka, mwenye viatu vyeusi vya ngozi, na akitangulia mahali popote furaha yangu ilikuwa inageuka.

Mkazo ndio ulionitesa. Mwalimu alisema kila neno refu lina mahali pa kubebea mzigo wake. Maneno yetu yana adabu, yote hubebea mahali pamoja, hatua moja kabla ya mwisho. Maneno ya Kiingereza kila moja lina tabia yake: agriculture hubebea kichwani, cooperative hubebea shingoni. Ukoo wa Sheni peke yake ndio wenye busara kama sisi, mzigo unakaa kabla ya mkia. Zei ndipo penye mzigo. Nilijua hivyo kichwani. Nikisimama kusoma, naanza vizuri, li, be, ra, kisha napotea kama mbuzi kwenye ukungu. Darasa zima linacheka, Devota akicheka kwa meno ya mbele tu, ya watu wenye duka.

Ingekuwa ni kuchekwa tu, ningevumilia. Lakini wiki ile alikuja Shangazi Otilia, dada yake baba, aliyeolewa Mbaha, ziwani. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata mchumba, na sasa hana mtu wa kumsaidia kuanika usipa. Alipanda mlima na kapu la samaki hao wadogo wakavu, harufu yake ikamtangulia mpaka mbwa wakaja kumpokea. Sisi tukamsalimu, shikamoo shangazi, naye akanitazama mikono kabla ya kuitikia marahaba.

"Kaka," akamwambia baba wakati wa kula, "huyu Kandida ana mikono mizuri. Nipe nishuke naye."

"Anasoma," akasema mama.

"Wifi, anasoma nini? Nimesikia njiani watoto wanamwimba. Wanasema kuna neno linamlaza katikati."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa yanarudi nyuma. Shule ilikuwa imeanza kudai michango, leo ya dawati, kesho ya mlinzi. Akatafuna, akameza, akasema: "Akisimama mbele ya mgeni akalisoma neno hilo mpaka mwisho, anabaki. Akikwama, anashuka ziwani."

Nilitaka kubaki. Nilikuwa naipenda shule kuliko nilivyojua, na ziwa lenyewe nililijua kwa sifa mbili tu, mamba, na kwamba harufu ya usipa ikikukaa haitoki mpaka uolewe na mvuvi. Nikaacha ugali. Kwetu mtoto kuacha ugali ni kama nyumba kuungua.

Mama yangu hakuwahi kukanyaga darasa, herufi alizozijua ni zile zilizokuwa kwenye magunia. Lakini kwa jembe, mlima mzima ulimjua.

Siku zile zilikuwa za kulima ngolo. Kwa msomaji asiye wa kwetu, miteremko yetu ni mikali, ukilima hovyo mvua inakuachia mwamba. Basi wanaume hufyeka nyasi, zikikauka huzipanga juu ya shamba kama miraba ya daftari la hesabu. Kisha wanawake wanakuja na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi pande zote, linabaki shimo la kukamata maji, na juu ya matuta unapanda maharage. Ukisimama ng'ambo, mlima unaonekana umeshonwa. Kazi hiyo mtu haifanyi peke yake. Wanawake hulimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, pombe inachemshwa, kwa Kimatengo chetu tunaita ngokela. Na hawalimi kimya. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Tena kuna sheria ambayo hakuna aliyetufundisha, tulizaliwa nayo: mtu akianzisha, lazima aitikiwe. Kumwacha mtu na wimbo mdomoni ni kumtukana yeye na aliyemzaa.

Nilipeleka togwa shambani. Mama akanyoosha mgongo. "Liseme hapa hilo neno lako," akasema.

"Neno gani?" akadakia Mama Anastazia, jirani yetu, mwanamke wa kicheko kikubwa na kiuno kisichochoka.

Nikalisema, nikakwama palepale.

"Mh! Refu kama utumbo wa ng'ombe. Wenyewe wanalimaliza na pumzi ileile?"

Mama akanipa jembe lake. "Hulimi mraba wote kwa pigo moja. Unakwangua, unakwangua, halafu unazamisha. Neno lako linazamisha wapi?"

Kwa ubishi wa kitoto nikajaribu kuzamisha mwanzoni, kwenye li. Jembe likagonga jiwe, mikono ikafa ganzi mpaka mabegani, wanawake wakafa kwa kicheko. Nikajaribu katikati, nikajikuta udongo wote uko miguuni kwangu. Ndipo nikamsikiliza Mwalimu Haule kichwani mwangu. Li, be, ra, lai, kukwangua kwepesi kwepesi, mikono inapanda. Zei, jembe linashuka na mwili wote. Udongo ukageuka kama chapati. Na kabla sijavuta pumzi ya kumalizia, wanawake wote, kwa mazoea yao, wakaitikia:

"Sheni!"

Nikaanzisha tena. Wakaitikia tena. Majembe yakashika. Nawaambieni, nimeishi nikalima mpaka leo, sijaona shamba linalimwa kwa kasi ile. Jua lilipokuwa limepinda tu, mteremko wa Mama Anastazia ulikuwa umeisha na pombe haijapoa. Kesho yake wakaniita shamba lingine baada ya shule, keshokutwa lingine. Wiki ile liberalization ililima upande mzima wa mto. Mwalimu Haule alisikia kutoka nyumbani kwake mlima unaimba, akadhani ana homa.

Darasani nikasimama, nikalisema bila kitabu, na mzigo mahali pake. Mwalimu akanichagua mimi nisome salamu, Devota akapewa kazi ya kumkabidhi mgeni maua. Nikaanza kujiona.

Siku ikafika. Bati jipya linang'aa, wanafunzi tumepakwa mafuta mpaka nzi wanateleza. Mgeni rasmi alikaa kwenye kiti chenye kitambaa, mtu mnene mpole anayejipepea kwa kofia. Baba alikaa mbele na wanaume wenzake kwenye madawati. Shangazi Otilia alikaa pembeni yake, hakutaka kusimuliwa. Wanawake walikaa nyuma, chini kwenye majani, na wengine walipitiliza kutoka shambani, majembe yakiwa yamelala kando yao.

Nikasoma. "Our honourable guest," nikaenda vizuri, sauti haitetemeki. Mwalimu Haule alikuwa ameliweka neno lake katika sentensi ya pili. Nikaliona linakuja kama mto unaoujua kina chake. Li-be-ra-lai, nikavuta, ZEI…

"SHENI!" wakaitikia wanawake nyuma, na miguu ikapiga chini pu!

Mgeni akaacha kujipepea. Mwalimu Haule akageuka rangi ya chaki yake. Mimi nimesimama, mdomo wazi, mkia wa neno wameshanichukulia. Nikafanya nini? Nikaendelea. Lakini Mwalimu, Mungu amrehemu, alikuwa amelirudia neno lile kila sentensi mbili, kama mtu anayetia chumvi huku anaongea. Lilipokuja tena nikajaribu kulisema haraka, niwawahi. Nani awawahi wanawake wa Mbuji? "SHENI!" Safari hii na vigelegele. La tatu, Mama Anastazia alisimama kabisa, akapinda kiuno na kulima hewa. Baba akashusha kofia mpaka puani.

Mgeni akamwinamia mwalimu mkuu. "Hawa akina mama," akanong'ona kwa sauti tuliyoisikia wote, "wamesomea wapi?"

Nikafika mwisho nimelowa jasho. Mgeni alipiga makofi, akacheka mpaka akafuta macho, akasema mkoani wanalizungumza jambo hilo kila siku lakini hajaona mahali wananchi wamelipokea namna hii. Watu wakashangilia. Mimi nikamtafuta baba kwa macho. Nimepita?

Kesi ilianza njiani kurudi nyumbani.

"Amekwama," akasema Shangazi Otilia.

"Amekwama wapi, wifi? Mgeni amepiga makofi," mama akasema.

"Kaka alisema alisome mpaka mwisho. Mwisho wa neno ni wapi? Ni sheni. Hiyo sheni nani kaisema? Mmemsikia yeye akiisema hata mara moja? Wenzake ndio wamemmalizia. Kama ni kubeba mzigo, ameufikisha mlangoni watu wakaupokea."

Baba akatembea mpaka kwenye mgomba wetu wa mwisho. Nilimwona anahesabu haki yake. Alikuwa mwenye haki, baba yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu ya kuishi naye. "Kweli," akasema hatimaye. "Hakulimaliza."

Basi. Mama akanifungia nguo zangu kwenye kanga, na sikuona chozi kwake. Asubuhi na mapema, kabla jogoo hajamaliza kazi, nilimwona anatoka na kigae mkononi kwenda kuomba moto kwa Mama Anastazia. Nikashangaa kidogo, kwa sababu jikoni kwetu moto ulikuwa unawaka. Lakini mtu anayefukuzwa nyumbani haulizi habari za moto.

Shangazi alikuwa ameshajitwisha kapu na mimi nimeshika furushi, wanawake wakaanza kuingia uani na majembe. Ilikuwa zamu ya shamba letu. Baba alikuwa ameshapanga nyasi, pombe iko tayari, na udongo ulikuwa umelowa vile unavyotakiwa, siku mbili za jua ungekuwa tofali. Walitusalimu, wakashuka shambani, wakasimama mstari. Kisha wakakaa chini. Wote, majembe mapajani.

Baba akawaendea. "Mama zangu, kuna nini?"

"Tunangoja," akasema Mama Anastazia.

"Mnangoja nini?"

"Anayeanzisha."

"Si muanzishe wenyewe? Nyimbo zimekwisha?"

Wakajaribu, ili asiseme hawakujaribu. Mmoja akaanzisha wimbo wa zamani, wenzake wakaitikia kila mtu na wakati wake, jembe la huyu likagongana na la yule, mwingine akafukia mguu wa mwenzake. Aibu tupu. Mpaka leo siamini kwamba wanawake wale walisahau kulima kwa usiku mmoja. Wakakaa tena.

"Baba Kandida," Mama Anastazia akasema kwa upole ambao hakuwa nao siku nyingine, "tusikudanganye. Jembe limeshazoea lile neno la Kizungu. Lingine halisikii. Sasa kama mwenye neno anashuka ziwani, sisi tutarudi tu, labda mwakani atakuwa amekuja kutembea."

Baba akautazama udongo. Akalitazama jua. Akamtazama mama, ambaye alikuwa amesimama mbali kidogo, anachunguza mpini wa jembe lake kama vile ndiyo kwanza anauona.

"Dada," akasema, hajamgeukia Shangazi, "huyu mtoto nimemhitaji shambani."

"Ulisema akikwama anashuka!"

"Nilisema. Sasa nitalimaje?"

Shangazi Otilia alitua kapu, akaniangalia, akawaangalia wale wanawake mmoja mmoja, akaelewa. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa mjinga. Akaenda moja kwa moja bandani, akamkamata jogoo wetu mwekundu, akamfunga miguu, akamweka juu ya kapu.

"Nashuka na huyu," akasema. "Huyu angalau akianza neno lake analimaliza mwenyewe."

Akaondoka. Nami nilikuwa nimeamini kwamba Kiingereza kitaniokoa, na nikaona kwa macho yangu kwamba nimeokolewa na nyasi na kigae cha moto ambacho hakikuhitajika. Nikatupa furushi, nikashika jembe, nikaanzisha. Walinijibu mpaka ng'ambo ya mto.

Nilisoma mpaka la saba. Sikuchaguliwa kuendelea, wala Devota hakuchaguliwa, tukalia pamoja chooni, tangu siku hiyo ni rafiki yangu. Elimu yangu ndiyo hiyo. Lakini hakuna kopo la dawa lililowahi kunishinda kusoma, na watoto wangu wote wanne waliyajua maneno marefu kwa jembe kabla hawajayajua kwa kalamu.

Sasa turudi njiani, mimi na Prisila, siku ile alipokuwa ameshanicheka. Ile harufu ya nyasi ikatupiga kwenye kona, na chini yetu, mteremkoni, wasichana wanalima ngolo, wadogo, hata mmoja simfahamu, pengine wakati ule hata mama zao walikuwa hawajazaliwa. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Nikasikia. Lilikuwa limesagika, limepoteza kona zake, limelainika kama sabuni ya kipande, libelalaizee, lakini mzigo ulikuwa palepale, jembe linazama palepale, na wote, "sheni!"

Prisila akasimama. Ana sikio, nimewaambia ana akili. Akamwita aliyekuwa karibu, "Dada, mnaimba nini?"

Msichana akafuta jasho. "Wimbo wa kulimia tu. Wa mabibi zetu."

"Maana yake nini?"

"Hata hatujui. Ni Kimatengo cha zamani sana."

Tukaendelea kupanda. Mjukuu wangu akawa analikata neno vipande kwa midomo bila sauti, na kiganja chake, nilikiona, kinagonga paja. Kisha akanivuta kanga.

"Bibi, hilo neno, kwa Kiingereza wanasemaje?"

"Mama yangu," nikamwambia, "Kiingereza hakina neno kubwa namna hiyo."